Miguu ya Wanawake wa Nyanya

Kwetu Kilolo picha ya mtu mzima ina miguu. Ukimpiga mtu picha ukamkata kiunoni, atakuuliza kama unampeleka kwenye kitambulisho au kaburini. Hizo ndizo picha mbili za nusu mtu tunazozijua: ile ndogo ya serikalini, na ile kubwa inayotangulia jeneza, imezungushiwa maua ya plastiki. Picha nyingine zote, za harusi, za kipaimara, za shambani, lazima zionyeshe mtu amesimama juu ya nini na amevaa nini miguuni. Mama yetu alikuwa na picha moja tu ya ujana wake. Uso umefifia kabisa, lakini viatu vinaonekana, na kwa sababu hiyo aliitunza mpaka mwisho.

Kijana aliyetengeneza tovuti ya kikundi cha dada yangu pale Ilula hakulijua hilo, au alilijua akalisahau chuoni.

Kikundi chenyewe ni cha wanawake wanaouza nyanya na mboga kando ya barabara kuu. Wamezoea kukimbilia mabasi na ndoo kichwani. Miaka michache iliyopita walianza kukausha mboga na kuzifunga kwenye pakiti, na dada yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akawashawishi wachange watengenezewe tovuti. Aliwaambia kwamba basi likishapita limepita, lakini tovuti haipiti, inakaa pale mteja anapoitaka. Walicheka, wakachanga. Kijana akaja na simu nzuri, akawapiga picha mmoja mmoja mashambani mwao. Siku hiyo, dada anasema, njia za mashamba ya Ilula zilijaa wanawake waliovaa viatu vya kanisani katikati ya matuta ya nyanya, wanatembea kwa vidole wasichafuke.

Tovuti ilipofunguliwa, viatu havikuwepo. Kijana alikuwa amekata kila picha kifuani, akazigeuza zote kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuwa aliona zinapendeza, na chini ya kila uso akaandika jina na mwaka aliojiunga na kikundi. Wote wamepangwa safu, wanakutazama bila kucheka.

Kwanza hawakujua ubaya wake, maana wengi wao hawakuifungua. Aliyeifungua alikuwa mtoto wa kaka wa bibi mmoja, mwanachama mzee kuliko wote. Yuko Dar es Salaam, na alitumiwa kiungo na rafiki. Akamwona shangazi yake: nyeusi na nyeupe, nusu mtu, jina, mwaka. Akapiga simu ya nyumbani analia. Aliyepokea ni bibi mwenyewe.

"Tumepokea kwa masikitiko makubwa," akasema mpwa.

"Masikitiko ya nini?"

"Ya shangazi."

"Shangazi ndiye mimi. Sema, nani amekufa?"

Bibi anapenda kuisimulia hadithi hiyo kwa sauti mbili, yake na ya mpwa wake anayekata simu kwa hofu. Lakini habari ilikuwa imeshatoka. Kesho yake mtani wake, mzee wa Kingoni, alifika mlangoni na kifurushi cha sabuni, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa, akauliza chakula cha msiba kiko wapi na kwa nini marehemu anamwangalia vibaya. Bibi alimpikia, akacheka naye. Mtani alipoondoka, bibi aliingia ndani akalia. Baadaye aliniambia: "Mwanangu, si kwamba ninaogopa kufa. Nilivaa viatu vyangu vizuri, wakanizika bila viatu."

Mweka hazina wa kikundi, mwanamke mkali ambaye tangu mwanzo hakuitaka tovuti, akaitisha mkutano wa Jumamosi. Hoja yake ilikuwa fupi. Picha zibadilishwe, kila mtu awe mzima na rangi yake na miguu yake, au tovuti ifungwe na mwenyekiti apumzike. Kwetu, kumwambia mtu apumzike ni kumwondoa kwa heshima.

Hapo ndipo dada aliponipigia.

"Mdogo wangu, uko wapi siku hizi?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote. Nimekwisha kulijibu nikiwa Tunduma, Chunya, Makongolosi, Tukuyu, na mara moja nikiwa ndani ya lori lililoharibika Kitonga. Safari hii nilikuwa Iyunga, Mbeya, kwenye meza yangu ndogo kando ya duka la vifaa vya shule, ambako natoa nakala, napiga picha za pasipoti na kurudisha mafaili ya watu waliyoyapoteza.

"Iyunga," nikasema.

"Bado?"

"Bado."

"Ile kazi ya kufufua picha, bado unaijua?"

Nilijua kwa namna alivyoshusha sauti kwamba kuna jambo. Kijana, kabla hajahamia Dodoma kikazi, alikuwa amemkabidhi memori kadi yenye picha zote halisi, zile ndefu zenye rangi na miguu, akamwambia aitunze. Kwenye simu na kompyuta yake alikwisha kuzifuta. Kwa hiyo picha zilikuwa pale tu, kwenye kadi ile. Dada aliitunza miezi kadhaa ndani ya kikopo. Kisha redio ya kibandani kwake, ile ndogo inayosoma kadi, ikaishiwa nyimbo mpya. Akaona kuna kadi imekaa tu haina kazi. Akaipeleka kwa jamaa wa stendi anayeingizia watu nyimbo, akamwambia amjazie kwaya.

"Nimeifungua leo kwenye simu," akasema. "Nyimbo tupu. Hakuna hata kiatu kimoja. Na mkutano ni Jumamosi. Watu hawajui."

"Kadi iko wapi sasa hivi?"

"Kwenye redio. Inaimba."

"Itoe."

"Nina wateja hapa."

"Dada, itoe."

Nilisikia kwaya ikikatika katikati ya ubeti. Nikamwambia aifunge kwenye karatasi, airudishe kwenye kikopo, asiongeze wimbo, asipige picha nayo, asimpe mtu. Nitakuja.

Niseme hapa kwa nini sikuogopa. Jamaa wa stendi alichokifanya, mimi nilikifanya kwa miaka yangu yote ya Makongolosi. Nilikuwa na kibanda cha mabati karibu na njia ya kwenda machimboni, jenereta nyuma, na wachimbaji walipanga foleni na kadi zao jioni. Kadi ikija imejaa takataka, huna muda wa kuchagua. Unaifuta yote mara moja, kisha unamwagia nyimbo. Siku moja mchimbaji mmoja akarudi mbio. Kwenye kadi niliyoifuta kulikuwa na picha za mtoto wake aliyezaliwa mbali, ambaye hajawahi kumshika. Mimi sikujua na yeye hakukumbuka kusema. Siku zile nilijifunza kwa kuhangaika, kwa kuuliza watu, kwa kujaribu programu moja baada ya nyingine, mpaka nikamtolea mtoto wake kutoka kwenye kadi ile, picha baada ya picha. Aliniletea kuku. Kuku sikumchinja, nilimfuga mpaka nilipohama.

Nilichokielewa pale ndicho ninachowaambia wateja wangu mpaka leo. Kadi ikifutwa kwa haraka, picha haziondoki. Kinachoondoka ni vibao vya mipaka. Ni kama shamba ambalo mtu amepita aking'oa vibao vyote: mazao bado yamesimama, ila hakuna anayejua hili ni la nani na linaishia wapi. Ukija na mashine inayopita mstari kwa mstari, utayaona. Lakini mtu akishalima na kupanda kitu kingine juu yake, pale alipopanda pamekwisha. Nyimbo za dada ndizo zilizokuwa mbegu mpya. Swali lilikuwa moja tu: zimefika mpaka wapi?

Nikafunga meza, nikachukua kompyuta yangu na kile kidude cha kuchomekea kadi, nikapanda basi la asubuhi.

Mimi ni mtu wa kutamani kila mahali nilipopaacha. Nikiwa Mbeya natamani Iringa, nikiwa Iringa natamani vumbi la Chunya. Mama alikuwa akiniambia, "Mtembezi hula miguu yake," na kila nilipofungasha alirudia hivyo mpaka ikawa kama salamu ya kuniaga. Njiani nilipaona Makambako, nikapaona Mafinga na baridi yake na magogo ya misindano yaliyopangwa kando ya barabara, na tulipofika Ipogolo nikainua macho kutazama mji wa Iringa pale juu kilimani, nilikosoma sekondari. Nilitamani kushuka. Sikushuka.

Ilula, kabla basi halijasimama vizuri, mabeseni yalikuwa yameshafika madirishani. Mwanamke mmoja akaniinulia nyanya usoni bila kunitazama.

"Nyanya, mama! Nyanya za leo, ngumu, mpaka Dar hazioni kitu!"

"Sinunui," nikasema. "Nimekuja kukaa."

Kumbe ni dada. Akanitazama vizuri, akacheka mpaka beseni likayumba. "Kamwene!" akanisalimia kwa Kihehe. "Unakuja kimya kama askari wa barabarani!"

Tulifanya kazi sebuleni kwake, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Nilimwonyesha kila hatua, kwa sababu sikutaka nikiondoka abaki kama alivyokuwa. Kwanza nilichomeka kadi, nikamwambia kwamba kitu chochote tutakachokiokoa hakirudi kwenye kadi hii, kinakwenda kwenye kompyuta. Ukiokoa ng'ombe mtoni humrudishi mtoni akauke. Kisha nikaiwasha programu iisome kadi yote, tukakaa.

"Inafanya nini?"

"Inasoma."

"Mbona haisemi?"

"Na wewe ukisoma Biblia unasema?"

"Mimi ninasema," akanijibu. Ni kweli, husoma kwa sauti mpaka majirani wanafuata.

Picha zikaanza kutokea. Hazikuwa na majina, maana majina ndiyo vibao vilivyong'olewa. Zilikuja na namba tu, tena ndogondogo kama stempu, nyuso hazitambuliki. Mimi nikaanza kufikiria namna ya kuzikuza ili tujue nani ni nani. Dada akasogeza kichwa kwenye kioo, akaweka kidole.

"Huyu ni mweka hazina. Hivyo vya dhahabu ni vyake. Huyu mwenye vyeupe ni bibi. Huyu ameazima vya binti yake, angalia vinavyombana. Huyu, huyu alivaa buti za shambani, hakutaka kuharibu viatu, mwanamke mwenye akili."

Aliwataja wote kwa viatu. Nikaziandika picha majina yao kadiri alivyosema, na tulipozikuza baadaye hakukuwa na hata moja aliyokosea. Nilijisikia fahari ambayo sikuitegemea, fahari ya kuwa ndugu yake.

Kisha zikaja zilizoumia. Picha mbili za mashamba zilikuwa vipande vya rangi visivyoeleweka, hatukuzihitaji. Na iliyofuata ilikuwa yake. Kitambaa cha kichwa kipo, uso upo, kifua kipo, mikono imeshika ungo wa nyanya zilizoanikwa. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kitu, rangi ya majivu tu.

Nilijaribu programu nyingine, nikaipitisha kadi upya. Majivu yaleyale. Pale palipokuwa na miguu yake palikuwa pamekaa wimbo.

"Wimbo gani?" akauliza.

"Haijulikani."

"Mimi ninaujua," akasema. "Ni ule ninaourudiarudia." Akainuka akaenda kuchochea moto jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Alipouliza kama tunaweza kupiga nyingine, nilimwambia ndiyo, hata sasa hivi. Akakataa. Wenzake wangeuliza kwa nini yake peke yake ni mpya, na angelazimika ama kusema ukweli ama kudanganya, na alikuwa hajaamua. "Tengeneza za wenzangu kwanza," akasema.

Kijana wa tovuti tulimpigia simu ili atupe neno la siri. Alipokea kwa adabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeua watu, mwanangu."

Ilichukua muda kumtuliza. Alitupa neno la siri, akaomba radhi kwa bibi, akasema picha nyeusi na nyeupe ndizo zilizokuwa fasheni. Dada akamwambia fasheni hiyo aipeleke makaburini. Tulipoingia ndani ya tovuti, kabla sijagusa kitu nilishusha nakala yake nzima nikaiweka kando, ili tukiharibu tuwe na pa kurudi. Tukabadilisha neno la siri, na dada akachagua jipya ambalo hata mimi hakuniambia. Tukaondoa namba ya simu ambayo alikwisha kuiacha na bado wateja walikuwa wakiipigia. Tukaondoa mchicha mkavu ambao hawaufungi tena. Nyumba ikikaa bila kufagiliwa mgeni anajua hakuna mtu, na tovuti ni vilevile.

Kazi ya picha ndiyo iliyomfurahisha zaidi. Nilimwonyesha kwamba picha ya simu ni nzito kuliko inavyohitajika. Mteja mwenye bando dogo atasubiri, atachoka, ataondoka hajaona hata nyanya moja. Kwa hiyo tunachukua nakala, siyo picha yenyewe, tunaipunguza ukubwa, tunatazama kama bado inang'aa, tunaihifadhi kwa jina linaloeleweka. Picha halisi haiguswi. Na kulikuwa na tatizo jingine ambalo kijana hakulisema: madirisha ya picha kwenye ile tovuti ni ya mraba. Ukiweka picha ndefu ya mtu aliyesimama, dirisha lenyewe linamkata, hata kama wewe hukumkata. Sikutaka kubadilisha tovuti nzima kwa siku zile chache, basi nikamweka kila mwanamke mzima katikati ya karatasi ya mraba, na pembeni kulia na kushoto nikajaza rangi.

"Rangi gani?" nikamuuliza.

"Nyekundu."

"Itawameza."

"Basi weka ya udongo wetu."

Tukaipima kutoka kwenye picha zenyewe, kutoka kwenye tuta chini ya viatu vya bibi. Ikatoka kahawia iliyopauka. Wanawake wale wakasimama juu ya rangi ya Ilula, kila mmoja na vidole vyake vya miguu.

Mwisho nilimwambia picha halisi zikae sehemu tatu: kwenye kompyuta yangu, kwenye kadi mpya kwake ambayo haitaingia redioni, na mtandaoni. Nilikuwa najiandaa kumweleza kwa nini, akanikatiza.

"Mama alikuwa anaweka mbegu za mahindi juu ya jiko zipate moshi, nyingine kwenye kibuyu, nyingine kwa shangazi ng'ambo ya mto. Ghala likiungua, mbegu zipo."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Sasa ungesema hivyo tangu asubuhi, badala ya kunitesa na maneno ya kompyuta."

Jumamosi wanakikundi walikusanyika kwenye banda lao la kukaushia, lenye harufu tamu ya nyanya iliyokaa juani. Nilikaa pembeni na kompyuta yangu. Bibi alinisalimia kwa kunishika mikono yote miwili. Mweka hazina hakutaka kuangalia kompyuta yangu.

"Kwenye kompyuta ya ndugu wa mwenyekiti kila kitu kitakuwa kizuri," akasema. "Mimi nitaangalia kwenye simu yangu, kama mteja."

Nilimheshimu kwa hilo. Akafungua. Tukasubiri. Akageuza simu ili wote waone: nyeusi na nyeupe, kifuani, jina, mwaka.

"Bado sisi ni marehemu," akasema.

Banda likalipuka. Mmoja akasema aliliota hilo, mwingine akasema wanafungwa kamba, wanadanganywa. Bibi akainua mkono: "Jamani, mimi nimekwisha kufa mara mbili sasa, ya tatu mniachie nife mwenyewe." Dada alikuwa amesimama mbele yao, mikono imefungana, na aliponigeukia niliona kwamba anaamini nimeshindwa.

Sikuwa nimeshindwa. Nilisimama, nikamwomba mweka hazina simu yake kwa adabu zote. Nikawaeleza kwamba simu ina tabia ya mtu aliyebanwa na bando: ukurasa ilioufungua zamani inauweka kichwani, ili ukiutaka tena isitumie bando kuufuata upya. "Haikuonyeshi kilichopo leo," nikasema. "Inakuonyesha inachokumbuka." Nikafuta kumbukumbu ya kivinjari mbele ya macho yake, nikamrudishia.

"Fungua wewe mwenyewe, mama."

Mtandao wa pale bandani ni wa kusuasua, na ninaushukuru. Picha ya kwanza ilikuwa ya bibi, na ilifunguka polepole kutoka juu, kama pazia linaloshushwa. Vichwa vyote viliinama kwenye kioo kidogo. Kitambaa cha kichwa, cha kijani, kina rangi. Uso. Kifua, mahali ambapo zamani aliishia. Hapo picha ikasimama. Kisha ikashuka tena: kitenge, magoti, na chini kabisa, juu ya udongo, viatu vyeupe.

"Miguu!" bibi akapiga kelele. "Nina miguu!"

Vigelegele vilivyopigwa vilimfanya dereva wa lori barabarani apige honi bila kujua kwa nini. Simu ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akijitafuta, wakitaniana kuhusu nani alibanwa na viatu na nani alisimama kama mlingoti wa bendera. Mweka hazina alijitazama muda mrefu kuliko wote.

"Kumbe ni vile vya dhahabu," akasema taratibu. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akapitia tena safu yote. "Mwenyekiti mbona hayupo?"

Dada angeweza kusema chochote. Angeweza kusema fundi amesahau, na mimi ningeikubali. Akavuta kanga, akasema:

"Picha zenu zilikuwa kwenye kadi. Kadi nikaipeleka stendi, nikaijaza nyimbo. Mimi mwenyewe. Zikafutika zote. Mdogo wangu huyu amezitoa shimoni. Yangu imerudi nusu, miguu imekaliwa na kwaya. Sikuiweka, kwa sababu niliona aibu. Lakini mkitaka, iwekeni hivyohivyo, nusu, mjue aliyefanya."

Nilitazama uso wa mweka hazina. Alikuwa na kila alichohitaji kumpumzisha mwenyekiti.

"Kwaya ipi?" akauliza.

Dada akataja.

"Hiyo hata mimi ningeiingiza," akasema mweka hazina, na watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha banda zima. Akawageukia. "Anayetaka tovuti ifungwe anyooshe mkono." Akangoja. Wake hakuunyoosha.

Bibi akainuka kwa mkongojo. "Mwenyekiti nusu hatumtaki," akasema. "Nimekaa humo nusu, najua kulivyo. Wewe mdogo wake, leta hiyo simu yako. Twende shambani."

"Bibi, nimevaa ndala," dada akalalamika.

Bibi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua viatu vyake vyeupe, alivyokuwa amevivaa siku hiyo tena kwa ajili ya mkutano, akamsukumia.

Tulikwenda wote, wanawake wote wa kikundi, mpaka kwenye shamba la dada nyuma ya banda. Bibi alitangulia bila viatu, akiwaambia watu wasikanyage matuta. Nilipiga picha moja tu. Nikaipunguza palepale, nikaijazia rangi ya udongo pembeni, nikaiandika jina, na dada akaandika neno la siri kwa mkono wake, akanigeuzia mgongo nisione, akaipandisha mwenyewe.

Tuliporudi barabarani kulikuwa na abiria wameshuka kwenye basi, mmoja akamuuliza dada mimi ni nani. Siku zote amejibu, "Mdogo wangu, yule wa kuzunguka." Safari hii alisema, "Mdogo wangu. Fundi wetu." Akaendelea kupima nyanya kama vile hakusema kitu.

Nimerudi Iyunga, na nimeanza tena kutamani Ilula. Wakati mwingine, wateja wakipungua mezani, naifungua tovuti yao kuona kama kuna kitu kimeharibika. Dada ameongeza vitunguu, ameweka bei mpya, na picha za vitunguu amezipunguza vizuri, hazikwami. Nikimaliza kukagua nashuka mpaka kwenye safu ya wanawake, naishia kwake. Amesimama wima kati ya matuta yake, kidevu juu, kitenge kimenyooka. Viatu vya bibi ni vidogo kwake. Visigino vyote viwili vimebaki nje, vimeshika udongo.